Askari wa Mawe na Rangi Mbichi

Asubuhi hiyo nilikwenda mjini na mama kwa sababu alikataa kubaki nyumbani. Nilikuwa nachora kwa rangi za mafuta bustani za zamani za Nairobi, nikihofia kwamba hazitadumu, na siku hiyo ilikuwa zamu ya ile yenye sanamu ya askari wa mawe. Marehemu baba alimpiga mama picha hapo walipokuwa wachumba.

Nikamketisha kwenye benchi, nikasimamisha turubai la kuchorea. Moyo wangu haukutulia. Wenye maduka walikuwa wamefungua milango nusu, na kila mpita njia alizungumza juu ya maandamano. Nilimwambia mama tumalize mapema turudi nyumbani, mtaa wa Jamhuri. Akasema nisimharakishe, jua lilikuwa zuri.

Nilikuwa napaka kivuli chini ya kofia ya askari niliposikia mlipuko, kisha mwingine. Watu wakaanza kukimbia wakikatiza bustani. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Nikamwita, sauti ikamezwa na kelele. Moshi wa vitoa machozi ukaingia kati ya miti, nikawa napapasa tu. Niliuliza waliopita kama wamemwona mama mzee mwenye sweta ya kijani, hakuna aliyesimama. Nikafikiria goti lake bovu, nikamwona akilini ameanguka barabarani, watu wakimruka.

Nilimkuta nyuma ya sanamu, amejibanza kwenye jiwe la chini. Kando yake alichutama mwanamume mwenye kilemba, mwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara, akimnawisha uso kwa maji ya chupa.

"Nimemwambia twende dukani," akasema. "Anakataa kuondoka bila wewe."

Alitupeleka wote wawili, akateremsha mlango wa chuma. Tukakaa kati ya majora ya vitambaa hadi nje kukatulia. Niliogopa kuuachilia mkono wa mama.

Tuliporudi bustanini, turubai lilikuwa limelala kifudifudi kwenye nyasi, alama ya kiatu mgongoni. Nilitaka kulitupa. Mama akalichukua, akalibeba mwenyewe mpaka stejini kwenye matatu bila kujali rangi mbichi.

Sasa amelitundika chumbani kwake, vipande vya nyasi vikiwa vimekaukia usoni mwa askari. Huniuliza tutarudi lini nikamalizie. Humwambia nangoja mvua zipite. Zimepita, na bado sijaenda.