Wengi Wakikosekana, Mtafute Mmoja

Siku hizi simu inajibu kabla hujamaliza kuuliza. Labda ndiyo maana waliosoma sekondari ile ya Kimamba wanakikumbuka kwa hamu chumba cha maktaba cha Madam Hildegarda. Kilinuka karatasi kuukuu na popo. Treni ya mizigo ikipita, kamusi zilitetemeka kama wanafunzi waliosahau daftari nyumbani.

Hildegarda, mjukuu wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, alifundisha miaka mingi kama alivyofundishwa yeye: maana ya maktaba, aina za maktaba, umuhimu wa maktaba. Watoto waliimba yote bila kosa. Kitabu chenyewe walimwagiza yeye, kama soda.

Mkuu mpya wa shule, Mwalimu Lupakisyo, akaliona hilo. "Madam, Ijumaa nakuja. Wasipoweza kutafuta kitu wenyewe, kipindi hiki naipa hisabati."

"Hisabati haijashiba tu, Mkuu?"

"Haijashiba."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, Hildegarda hakujiuliza afundishe nini. Alijiuliza mtoto akitoka mlango huu awe anaweza nini. Jibu lilikuwa fupi mno kwa kazi ya miaka yote hiyo: aingie na swali, atoke na ukurasa, bila kumwita Madam. Akaanzia hapo mwisho, akapanga masomo kwa kurudi nyuma. Aina za maktaba zikaanguka njiani, hakuna aliyezililia.

Kesho yake akawapa wanafunzi maswali, akawatazama wakikwama. Wote walikwama pamoja, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno nyuma ya kitabu. Walitafuta wadudu kwenye W, na wadudu hawakuwamo. Ndivyo Kiswahili kilivyo: vitu vikizidi kimoja, neno linabadili kichwa. Kwenye M alikuwamo mdudu, peke yake, anasubiri.

"Wengi wakikosekana," akawaambia, "mtafuteni mmoja."

Ijumaa Mkuu akamnyooshea kidole Kija, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga. "Haya, binti. Nitafutie magonjwa ya kuku."

Kija akachomoa kitabu cha ufugaji, akafungua nyuma, akashuka na kidole kwenye M. Akapanda. Akashuka tena.

"Kija, hao kuku wameshaliwa!" mtu akanong'ona.

Mkuu akatazama saa. Hildegarda alikuwa na jibu mdomoni; akalimeza.

"Wengi hawapo," Kija akajisemea, akahamia kwenye U. "Ugonjwa... ugonjwa wa kideri. Ukurasa ndio huu, Mkuu, shikamoo."

"Marahaba," Mkuu akaitikia, tayari anasoma. Kuku wake walikuwa wakifa tangu Jumatatu, shingo zimepinda vilevile kama ilivyoandikwa.

Kipindi kilibaki kwenye ratiba mpaka Hildegarda alipostaafu, akahamia Kisanga. Kitabu ndicho hakikubaki. Mkuu alikiazima siku ileile. Ukimwuliza Hildegarda kama kilirudi, anakujibu kwamba alipanga kila kitu kuanzia mwisho, isipokuwa hilo.