Mwenye Ukumbi Hayupo

Jamani, mmewahi kuona ukumbi unaokimbiwa na watu mchana kweupe?

Mimi nimeuona. Mabenchi yake nimeyapiga randa kwa mikono hii.

Uko chini ya ghorofa letu. Aliyeuchora ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na ndiyo kazi yake ya kwanza. Aliona wapangaji tunakutana kwenye ngazi tu, kila mtu na ndoo yake, tunapishana. Akambembeleza mwenye jengo auzungushie ukuta ule uwanja wa katikati. Juu paa la kupitisha mwanga, mbele mlango wa mbao nzito ili vumbi lisiingie. Watu wakae, wapige soga.

Ukafunguliwa. Hakuingia mtu.

Wiki zinakatika, mabenchi yanang'aa kama ya dukani.

Mwenye jengo akasema mwezi ukiisha hivi, anapageuza stoo ya saruji. Shemeji akanywea. Chakula hali.

"Labda rangi ya kuta," akasema.

"Rangi haina kosa. Umechora kaburi zuri, basi."

"Shemeji! Na hayo mabenchi yako yanayotafuna makalio je?"

Hapo kanigusa pabaya. Kesho yake nikabeba bisibisi, nikaingia mle, nikarudishia mlango, nikajilaza chini ya benchi kukaza skrubu.

Ngo ngo. "Hodi!"

"Karibu," nikajibu hukohuko chini.

Akaingia mama wa ghorofa ya juu na kitambaa chake cha kufuma. Akaketi.

"Hodi humu!"

"Karibu!"

Mzee mmoja na redio yake. Mara dada wa saluni na mwenzake. Nilipochomoa kichwa uvunguni, watu wamejaa, soga zimenoga.

Mwisho akaingia mama mkwe, anayeishi kwetu. Akanitolea macho.

"Kumbe mwenye humu ni wewe, baba? Kila siku nashuka, napiga hodi, kimya. Nikajua wenyewe hawapo, nikarudi zangu juu."

"Hata mimi!" wakadakia wote.

Shemeji alichora kila kitu, akasahau mtu wa kuitikia hodi. Mtu mwenye adabu zake ataingiaje mahali pasipoitikiwa?

Shemeji akataka kung'oa mlango. Mama mkwe akakataa katakata.

"Vumbi lote hilo? Niachieni mimi."

Sasa anashinda pale, benchi la kwanza karibu na mlango. Habari ya saruji imekufa. Shemeji anakula mpaka tunaficha sufuria.

Juzi nikaingia mbio kumfuata mke wangu, maana siku hizi nyumbani kwangu hakuna mtu.

"Mkwe!" sauti ikanidaka. "Kwenu hakuna hodi? Rudi nje."

Nikatoka. Nikagonga. Akanyamaza makusudi. Ndani wanacheka mbavu hawana, wamekalia mabenchi yangu, mimi nimesimama nje kama mgeni.

Wachora ramani, mkimaliza kuta na paa, tafuteni wa kusema karibu.

Ila asiwe mama mkwe.