Wifi Yangu na Kamera Iliyosubiri Amina

Wifi yangu, Mungu amlaze mahali pema, hakuwahi kusifia kitu bila kukitukana. Siku niliyoingia kwao nikiwa bibi harusi aliniambia, "Kaka yangu ameleta mke mfupi, lakini angalau anacheka." Kwa hiyo alipokuja kutuonyesha kamera yake mpya, nilijua tutasikia mengi.

Aliiweka juu ya meza yangu ya chakula, nyeusi na nzito kama pasi ya mkaa.

"Si ya wanaojifunza," akasema, "na si ya mabingwa. Ni ya katikati, kama sisi wenyewe. Betri yake inamaliza harusi mbili bila kuomba umeme. Inakaa mkononi vizuri, hata nikitoka jasho haiponyoki. Na nikichungulia kwenye hili tundu, namwona mtu mwenyewe, si runinga ya mtu."

"Na ubaya wake?" akauliza mume wangu.

"Kaka, shingo itanikatika! Kioo cha nyuma hakikunjuki, kwa hiyo nikitaka picha ya kutoka chini, ni mimi wa kulala chini. Taa zikiwa hafifu, picha zinatoka na chembechembe kama nimezinyunyizia mchanga. Macho yake makali yako katikati tu. Anayesimama pembeni, shauri yake. Halafu sikilizeni."

Akabonyeza. KACHA! Paka aliyekuwa amelala dirishani akaruka nje.

"Ndani mna kioo kidogo kinachoruka kila ninapopiga," akaeleza. "Ndicho hicho chenye makelele."

Tangu siku hiyo wanangu walimwita Shangazi Kacha, na mtaa mzima ukafuata.

Siku za kazi alipiga picha za vitambulisho katika chumba cha mbele cha nyumba yake, penye pazia la buluu na kiti kimoja kilichochechemea. "Kaa wima, kiti kikicheza usicheze nacho," aliwaambia wateja. Jumamosi alikuwa harusini. Ungemkuta amelala kifudifudi kwenye njia ya kanisa, gauni lake limepigwa pasi, anapima picha. Mashangazi wa familia zote walishaijua siri ya katikati, wakawa wanasukumana kwa viwiko kabla ya kila picha ya pamoja.

Shida ilikuwa mchungaji wetu. Alikuwa mtu wa maombi ya kimya na taratibu, na kila alipoinamisha kichwa, KACHA! Jumamosi moja, mbele ya maharusi, alifumbua macho.

"Dada, mashine yako inahubiri kunishinda. Nikiisikia tena ndani ya maombi, mlango unaujua."

Na harusi iliyokuwa ikifuata ilikuwa ya binti yangu.

Upande wa bwana harusi walikuwa na kijana wao mwenye kamera mpya isiyo na kile kioo, kimya kama samaki. Wakasema kwa adabu kwamba wao wako tayari. Wifi alikuja jikoni kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, hakuvua hata viatu.

"Wifi, mtoto huyu nimempiga picha hana jino hata moja. Sasa anaolewa, mimi nikae benchi kama mgeni?"

"Si ulisema kuna mahali pa kupunguza sauti?"

"Papo. Inapunguza kama baba yako anavyonong'ona."

Baba yangu hasikii vizuri, na akinong'ona majirani wanaitikia. Nilicheka, lakini yeye machozi yalimtoka. Binti yangu alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Asipopiga shangazi, hapigi mtu," akasema. Mambo yakaishia hapo. Nikawaza, akitolewa nje, maombi ya ndoa ya mwanangu yatabaki bila picha.

Siku ilipofika, mchungaji aliinamisha kichwa. Wifi alikuwa kwenye njia, amepiga goti, kamera jichoni, kidole kimetulia. Nikamwomba Mungu amzuie. Mchungaji akaibariki pete, nasi tukaitika, "Amina!" Sikusikia kitu, ila nilikiona kidole kimeshuka. Akawaombea maharusi. "Amina!" Kidole kikashuka tena.

Mume wangu akanigonga goti. "Umeona? Anajificha ndani ya amina zetu!"

Habari ikapita benchi hadi benchi. Amina zikapanda hadi madirisha yakatetemeka. Mchungaji akaona Roho ameshuka, akazidisha maombi. Nami siwezi kusema hakushuka.

Picha zilipotoka, kila mtu alikuwa mdomo wazi.

"Mbona tumekuwa kama makinda yanayosubiri mnyoo?" akalalamika mama mkwe wa binti yangu.

"Mama, watu wengine wanapigwa wakijichekesha," wifi akamjibu. "Nyinyi mmepigwa mkimwita Mungu. Yule kijana wenu wa kamera ya kimya angewapa hiyo?"

Mchungaji alipoziona alicheka mpaka akavua miwani. Akaomba moja ya kutundika ofisini. Kuanzia hapo, akimwona wifi kwenye njia, aliivuta amina yake makusudi.

Presha ilimchukua wifi asubuhi moja, akifungua lile pazia la buluu. Bwana alitoa, na kutwaa ni kwake.

Siku ya kumsindikiza, mchungaji alimaliza maombi mbele ya jeneza, tukaitika kwa sauti za kukwaruza. Akainua kichwa, akatazama njia ya katikati, pale wifi alipozoea kupiga goti, ikiwa tupu.

"Hapana," akasema. "Amina hiyo haijafika. Kamera yake iko wapi?"

Binti yangu alikuwa ameipakata. Alikosa pa kuiacha. Akasimama kwenye njia, akaiweka jichoni.

"Tuseme tena," akasema mchungaji.

"AMINA!"

Mtoto akachelewa kubonyeza. Sauti zetu ziliisha, kanisa likatulia, ndipo KACHA ikalia peke yake, kubwa kuliko siku zote. Mchungaji hakumwonyesha mtu mlango. Aliinamisha kichwa tu, akitabasamu, na mtu nyuma akaanza kucheka, tukacheka sote huku tunalia.

Picha hiyo ninayo. Chembechembe zimejaa, na sisi wa pembeni tuna ukungu. Lakini katikati jeneza lake limetoka safi, hata maua yake unaweza kuyahesabu moja moja.

Wifi, leo na wewe umekaa katikati, wala hukumsukuma mtu kwa kiwiko.