Nilikataa Kumshika Mkono Baba Mkwe

Naona aibu hata kuwasimulia, na mkicheka sitawalaumu, ila mjue kuna mtu alikaribia kufa. Mimi nesi, Mhehe wa Ipogolo, nimeolewa kwa Wanyakyusa wa Ilomba, na mama mkwe alinifunza toka siku ya kwanza kwamba mkamwana hamgusi baba mkwe, hampi mkono, hata wakikutana njiani anampisha. Nikalishika hilo kuliko wenyewe waliozaliwa nalo (mgeni ukipewa mila, unapitiliza).

Sasa mume wangu anapika kwenye hoteli moja kisiwani Mafia, akatuita mimi na baba yake tukaone matumbawe. Mzee amekulia Ziwa Nyasa, akasema maji ni maji, tukavishwa mitungi ya hewa na yale mavazi ya kubana, mimi juu yake nikajifunga kanga (ningekaaje mbele ya mkwe namna ile?). Kwenye boti, mume wangu akiwa amebaki juu na watalii wengine, mwalimu wa kuzamia akasema, "Hapa mkondo una nguvu. Nyie wawili mshikane mikono, msiachiane." Mzee akatazama pembeni, mimi nikatazama miguu yangu, na mwalimu alipotangulia majini nikafungua kanga, nikampa mzee ncha moja nikashika nyingine, nikajiona nina akili kweli.

Huko chini hata samaki sikuwaona. Mkondo ulitubeba kama takataka za mtaroni, kanga ikanichomoka, nikamwona mzee anakwenda zake huku anapapasa maji. Mwalimu akamfukuzia, mimi nikapanda juu hadi botini. Alipomfikisha kwenye boti, mpira wa hewa ulishamtoka mdomoni na alikuwa hapumui, mwalimu akawa anambonyeza kifua huku ananifokea, "Wewe si nesi? Mpe pumzi!"

Niliganda. Mume wangu analia, "Mke wangu, baba anakufa," watalii wameinua simu wanarekodi, na mimi namuwaza mama mkwe. Mwisho nikapiga magoti, mimi niliyekataa kiganja chake, nikaweka mdomo wangu kwenye mdomo wa baba mkwe, tena na tena, mpaka akanitapikia maji ya chumvi usoni, akavuta pumzi.

Video ikatangulia Ilomba. Tulipofika ndugu wamejaa sebuleni, mzee anakohoa, nikapiga magoti mlangoni nasubiri kufukuzwa. Mama mkwe akauliza polepole, "Mwanangu, kwa nini hukumshika mkono?"

Mpaka leo kifua cha mzee hakijarudi sawasawa, akitembea kidogo anasimama. Kuzamia ndiyo basi, ila nikijikuta tena na mkwe penye maji, namshika, watakaosema waseme.