Karani wa Mavi

Wachungaji walimwita mzee huyu Karani wa Mavi, naye hakukasirika. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kila asubuhi alizunguka malishoni na ndoo, akainama kwenye vikombe ishirini vilivyofukiwa ardhini mpaka mdomoni. Ndani maji ya sabuni, juu kitonge cha mavi ya ng'ombe kimening'inizwa. Madundu walifuata harufu, wakatumbukia. Aliwahesabu, akarudi nyumbani kujaza karatasi yenye visanduku vya tarehe: dundu mmoja, mstari mmoja. Shule hakuiona, ila mistari aliiweza.

"Mume wangu kapata cheo," mkewe aliwaambia majirani. "Mkono tu msimpe."

Kazi alipewa na binti mtafiti kutoka chuo. Alitaka kujua kama sindano mpya ya minyoo wanayochomwa ng'ombe inawaua madundu wanaokula mavi yao. Mzee alimwita Daktari.

"Bado, baba. Mpaka niandike kitabu changu, wakikubali."

"Ukishakubaliwa utanitazama mgongo?"

"Mimi nitakuwa daktari wa wadudu."

"Basi humu mgongoni mna mdudu."

Ng'ombe walichomwa sindano mwanzo wa mvua. Wiki tatu baadaye mkewe akafa. Hakuugua. Alisema kifua kinambana, akakaa kwenye kigoda, basi.

Binti alipokuja kuchukua karatasi, wiki sita baada ya msiba, alitoa pole, akakaa naye kidogo, akaondoka nazo. La kazi hakuuliza.

Alirudi baada ya miezi miwili, uso umemchangamka. Ripoti ilikuwa iende kwa wakubwa kesho yake. Akamsomea: dawa haina madhara, madundu wako vilevile. Na chini, kwa maandishi madogo: siku thelathini na nne hazikupimwa, mpimaji alifiwa na mke.

Mzee akaweka glasi ya maji chini.

"Nani hakupima?"

"Sikulaumu, baba. Visanduku vilikuwa vitupu. Nani angekwenda malishoni na msiba ule?"

"Mimi nilikwenda."

"Siku zote?"

"Siku zote. Hawakuwamo. Sasa dundu hayupo, mstari nimchoree nani?"

Mzee aliona binti anataka kumwamini, na anaogopa. Akaingia ndani, akatoka na makaratasi ya kufungia sabuni, yamekunjwa vizuri. Walikuwa wamepatana binti ampe kipande kimoja cha sabuni kwa wiki, cha vikombe tu.

"Haya matano ni ya siku hizo. Nguo za msiba nilifulia sabuni ya kuazima."

Binti akachukua kalamu, akaanza kupiga hesabu upya, safari hii akiziingiza zile siku. Alipomaliza, ile ripoti haikuwa na neno la kusimama.

"Mwenye ng'ombe hataki dawa yake isemwe vibaya; atatufukuza hapa," alisema. "Na profesa alishanipongeza. Kitabu kizima naanza moja."

"Basi kiache kama kilivyo. Mimi sitasema."

Aliitazama karatasi mpaka mzee akadhani amekubali.

"Siwezi, baba. Wamekufa."

Neno hilo mzee alikuwa hajalisikia nyumbani mwake tangu siku ile; watu walisema ametutoka, ametangulia.

Binti akamsogezea karatasi. "Pale palipokuwa hamna kitu unaandika sufuri. Andika wewe, ndiwe uliyeona."

"Inaandikwaje?"

"Duara. Usiliache wazi."

Kisanduku kitupu cha kwanza kilikuwa cha siku ya maziko. Kalamu ikasimama juu yake.

"Na hii?"

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda alfajiri. Nikarudi wanachimba."

"Basi na hiyo."

Akachora polepole, kama mtu anayeshona, mpaka ncha mbili zikakutana. Vilibaki visanduku thelathini na vitatu.