Mwalimu Atuganile na Hesabu za Kifipa

Mwalimu Atuganile alitoka Mbeya akiwa msichana, akaja Sumbawanga kufundisha hesabu. Akaolewa na Maximilian, mkulima wa kijiji cha Pito, na hakuondoka tena. Kifipa alikisema, ila kwa lafudhi ya Kinyakyusa iliyowachekesha mawifi zake miaka nenda rudi.

Alipostaafu, binti yake Salome alimletea kompyuta ya mezani kutoka Dodoma. Atuganile hakutaka ikae sebuleni kama pambo. Wajukuu walikuwa wanakuja likizo, na Kifipa hawakujua hata cha kuombea maji. Akaazimia kuandika programu ya kuwauliza hesabu za kuzidisha kwa lugha ya babu yao.

Jafeti, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni fundi kompyuta mjini, alimweleza kwamba lazima kwanza kompyuta iwekewe lugha ya kuandikia programu, inaitwa Python. Akajitolea kuja kuiweka. Mwalimu akakataa, alitaka kuiweka kwa mkono wake.

Asubuhi moja ya upepo mkali alijitanda shuka, akaipakua kwa bando la simu, akabonyeza hapa na pale mpaka kazi ikaisha. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika "python". Kompyuta ikajibu kwamba amri hiyo haitambuliki. Akafuta kila kitu, akaanza upya, akaishia palepale. Shuka akalitupa kitini, kwa joto la hasira. Mwishowe akampigia Jafeti.

"Python imo, Mwalimu," Jafeti alisema baada ya shikamoo. "Ni kama mgeni kaingia, ila kompyuta haijui kalala chumba gani. Iweke tena. Ukurasa wa kwanza, chini kabisa, kuna kisanduku kidogo. Kitie tiki, ndipo itajua njia ya kumfikia."

Kisanduku alikiona mara zote mbili, akakipita bila kukisoma, yeye aliyewakaripia watoto maisha yake yote wasome swali mpaka mwisho. Alicheka peke yake. Akatia tiki, akasubiri, akaandika tena, na safari hii Python ikajibu kwa kutaja toleo lake. Atuganile akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika uani.

Maximilian alikuja mbio kutoka kwenye mahindi aliyokuwa akipukuchua, akidhani kuna mgeni.

"Kaa hapa, Baba Salome," mkewe alimwambia. "Nitajie namba kwa Kifipa, nisije nikawafundisha watoto cha kwangu."

Akamtajia, yeye akiandika, wakibishana juu ya matamshi hadi mchana. Programu ilipokubali kwenda, Maximilian ndiye aliyekuwa wa kwanza kuulizwa. Saba mara nane akaikosa, na kompyuta ikamwambia, kwa Kifipa chake mwenyewe, kwamba amekosea, ajaribu tena. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Atuganile akaenda kusonga ugali. Aliporudi kumwita mezani, mumewe alikuwa amevuta kiti karibu zaidi.

"Anza kula tu, Mama Salome," alisema bila kugeuka. "Hizi za mara tisa nakaribia kuzimaliza."