Wakili Aliyesomwa Kinyumenyume

Mueni wa Rissne, pembeni mwa Stockholm, ni mwanamke wa kukuchekesha hata akikuelekeza njia ya stesheni. Akisimulia, husimulia kwa mikono, kwa nyusi, na ikibidi kwa kitambaa cha kichwani. Lakini kipaji hicho kilikaa kabatini miaka mingi. Kazini kwake, kwenye jiko la nyumba ya wazee, Kiswidi chake kilikuwa cha sufuria na joto la tanuri, na akikosea neno hakuna aliyemwambia. Walitabasamu tu. Baadaye, akiwa ameinamia sinki, angewasikia wakilirudia neno lile lile na kucheka. Hilo lilimuuma kuliko tusi. Alijifunza kuwajibu kwa tabasamu kama lao na maneno matatu ya adabu, kisha akafunga mdomo.

Ndipo akampata Isra. Isra aliishi ghorofa ya juu yake na aliuza simu kwenye maduka ya Kista. Alizaliwa hapa hapa Stockholm, lakini wazazi wake ni watu wa Mombasa na walimlea kwa Kiswahili na chuo cha Kurani. Mueni alimpenda kama mtoto wa dada yake, na walipozoeana akamwomba jambo moja tu.

"Mwanangu, mimi nikikosea, niambie usoni. Usinitabasamie."

"Wallahi nitakwambia, anti," Isra akasema, na Mueni akaliweka neno hilo moyoni.

Isra ndiye aliyemletea kitabu kutoka maktaba: katuni za Kijapani, manga, zilizotafsiriwa kwa Kiswidi. Picha tele, maneno machache, kizuri kwa kujifunzia lugha. Kilihusu Wakili Morishige, mnene mmoja anayesinzia mahakamani na kubeba chakula chake cha mchana ndani ya mkoba wa mashtaka. Mueni alikifungua kama anavyofungua kitabu chochote, akapita karatasi ya mwanzo, ambayo maandishi yake yalifunikwa na lebo ya maktaba, akaanza kusoma. Alivunjika mbavu. Hakimu alitoa hukumu kwanza! Mashahidi walijibu maswali ambayo Morishige hajayauliza bado, naye anauliza baadaye, kwa upole, kama mtu anayetaka tu kumalizia. Na mwisho kabisa, kesi ikiwa imekwisha na kila mtu amekwenda zake, ndipo mwizi anapoingia hekaluni na kuiba kengele.

Alimpandia Isra juu akiwa na machozi ya kicheko. "Hawa watu wana akili! Ukishahukumiwa, unatafutiwa kosa! Lakini niambie ukweli, kuna mahali nimekosea?"

Isra alimtazama kidogo. "Hapana, anti. Endelea hivyo hivyo."

Basi akaendelea. Vitabu vilivyofuata Isra ndiye aliyeviazima, na kila kimoja kilifika na karatasi za mwanzo zimebanwa kwa pini ya ushungi. Mueni alidhani amewekewa alama ya pa kuanzia. Alianza pale pale, na akimaliza alirudisha kitabu na pini yake, na asante juu.

Jumamosi alasiri, wasemaji wa Kiswahili hukutana kwenye chumba cha wapangaji kule Rissne, kila mtu na Kiswahili chake, cha Kenya, cha Kongo, cha Burundi. Isra alimsukuma Mueni awasimulie Morishige. Alisimama mara moja, na hawakukubali aketi tena. Alikuwa hakimu, alikuwa shahidi, alikuwa kengele. Kicheko chao kilimfuata hadi nyumbani, na hata kazini alianza kutembea kifua mbele. Siku moja aliwasimulia habari za marafiki wawili walioshtakiana. Kesi ilianza kwa mmoja kumtolea mwenzake ushahidi wa kumwangamiza, na ikaishia wote wawili kwenye kibanda, wanakula tambi katika bakuli moja. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Isra alikuwa akifuta macho.

Kisha Wajapani wakamtengenezea Morishige mchezo wa televisheni. Isra aliunganisha kompyuta yake na projekta, Vénantie wa Burundi akaleta maandazi, na kiti cha mbele wakamwachia Mueni, kama bibi harusi.

"Hukumu kwanza!" Owuor, mmoja wa Wakenya, alipiga kelele taa zilipozimwa, na chumba kizima kikaangua kicheko. Mueni alicheka nao. Alidhani ni heshima yake.

Picha ikafunguka. Hekalu, ukungu, mwizi, na kengele ikaibwa. Halafu polisi. Halafu Morishige anaamshwa usingizini na kupewa kesi.

Mueni akasimama mbele ya mwanga, kivuli chake kimelala juu ya uso wa Morishige. "Hawa wameharibu! Wameanzia mwisho!"

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Kicheko hiki hakikuwa kile cha siku zote, na Mueni alikitambua mara moja. Alikuwa akikisikia kila siku, akiwa kwenye sinki.

Vénantie peke yake hakucheka. "Isra, mwambie mama. Inatosha sasa."

"Anti..." Isra alisimamisha picha. "Manga yasomwa kutoka kulia. Kama msahafu. Mwanzo wake ndio... wewe ulikuwa waanzia nyuma."

"Umejua lini?"

"Anti, keti kwanza."

"Nimekuuliza umejua lini."

"Siku ya kwanza."

Vénantie alikuja karibu na simu mkononi. "Pardon, mama. Na mimi nimo, sikusema kitu. Lakini heri uone." Lilikuwa kundi la WhatsApp, na jina lake lilikuwa Hukumu Kwanza. Waliomo ni wote waliokaa pale, isipokuwa yeye. Vénantie akabonyeza, na Mueni akaisikia sauti yake mwenyewe, ile siku alipopanda ngazi akicheka: niambie ukweli, kuna mahali nimekosea? Chini yake nyuso za vicheko zilikuwa zimepangana kama shanga. Sauti ile ilirekodiwa nyumbani kwa Isra, wakiwa wawili tu.

Yaani kumbe. Walimvisha kilemba cha ukoka na kumtembeza nacho Jumamosi baada ya Jumamosi, na aliyekifunga ni yule yule aliyeapa kumwambia.

"Förlåt," Isra alisema, analia sasa.

"Usiniombe msamaha kwa Kiswidi," Mueni alimwambia. "Mambo ya Kiswahili yaombee kwa Kiswahili."

Akachukua koti lake akatoka.

Nyumbani alikuwa bado na kitabu cha marafiki wawili. Aliichomoa pini. Kati ya zile karatasi mbili palikuwa na mshale mkubwa na maneno ambayo hata Kiswidi cha sufuria kingetosha kuyasoma: Simama! Unasoma kutoka upande usiofaa. Alikaa na pini ile kiganjani. Lebo ya kitabu cha kwanza ilikuwa bahati mbaya, hiyo aliweza kuikubali. Pini haikuwa bahati mbaya. Akakigeuza kitabu, akakisoma upya, kutoka kulia. Kilianza na kibanda na bakuli moja la tambi. Kiliishia mahakamani, mmoja kizimbani, mwenzake anamnyooshea kidole.

Jumamosi iliyofuata hakushuka. Alasiri kengele ya mlango ikalia. Ni Isra, macho yamevimba, ameshika kitabu kipya kisicho na pini yoyote.

"Anti, nisikilize tu. Ulivyoisimulia wewe ilikuwa tamu kuliko yao. Niliogopa nikikusahihisha utanyamaza tena kama zamani. Kundi nalo lilianza mzaha tu, kisha sikujua nitoke vipi."

Huenda ilikuwa kweli. Mueni aliona kabisa kuwa huenda ni kweli, na moyo ulimuuma zaidi kwa sababu hiyo.

"Nikuulize moja," alisema. "Ile siku ya marafiki wawili, ulilia. Nilikuona. Ulikuwa unalia nini, na wewe ulijua wanaishia wapi?"

Isra alimnyooshea kile kitabu kwa mikono miwili.

Mueni aliitoa ile pini mfukoni, akaiweka juu ya kitabu, akavirudisha vyote taratibu kifuani kwa Isra. Kisha akamtazama usoni na kumpa tabasamu zuri la kazini.

"Tack," alimwambia, "det är bra så." Asante, inatosha hivyo, kwa ile adabu ya jikoni.

Akafunga mlango.